Utajuaje kama akaunti ya benki aliyoleta mwombaji wa mkopo ni yake kweli?

Mwongozo_Mpya ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika upya mwongozo wa maafisa mikopo, kwa mikopo ya watu binafsi na ya biashara ndogo. Kipengele kinachonikwamisha ni uhakiki wa umiliki wa akaunti ya benki. Mwongozo wa sasa una mstari mmoja tu: mwombaji alete taarifa ya akaunti ya miezi sita na nakala ya kitambulisho, afisa alinganishe majina. Hausemi afisa afanye nini majina yakipishana kidogo, wala akaunti ya pamoja ihesabiwe vipi. Kuhusu mwombaji anayebadilisha akaunti baada ya mkopo kuidhinishwa, hauna hata neno.

Naomba msaada kwenye haya. Kati ya taarifa ya akaunti, barua ya benki, hundi iliyofutwa, kiasi kidogo cha majaribio na kuuliza mfumo wa benki moja kwa moja, kila njia inathibitisha nini hasa? Faili la PDF likaguliwe vipi na afisa ambaye si mtaalamu wa kompyuta? Majina yasipolingana herufi kwa herufi, mpaka uwe wapi? Na mwombaji akiwa na kampuni, akaunti ya kampuni ni yake au si yake?

Waombaji wengi ni watu wakweli. Sitaki utaratibu wa kumzungusha mtu mwema wiki mbili kwa sababu ya mwongo mmoja.

---

Mkaguzi_wa_Ndani amejibu:

Kabla ya kugusa nyaraka, tenganisha maswali matatu ambayo mwongozo wenu umeyafunga kamba moja.

La kwanza, akaunti imefunguliwa kwa jina la nani? La pili, nani anaiendesha leo, yaani kadi, namba ya siri na simu inayopokea ujumbe wa benki viko mikononi mwa nani? La tatu, fedha zinazopita humo ni za nani?

Mtu hufaulu moja akafeli mengine. Mzee ambaye akaunti ni yake lakini kadi na simu anavyo mjukuu: la kwanza ndiyo, la pili hapana. Mweka hazina anayepitisha michango ya kikundi kwenye akaunti yake binafsi: la kwanza na la pili ndiyo, la tatu hapana, na ukijumlisha mapato yake utampa mkopo kwa nguvu ya fedha za wenzake. Mwizi aliyefungua akaunti kwa kitambulisho cha kuiba ndiye mgumu kuliko wote: jina litalingana kikamilifu na akaunti ataiendesha mwenyewe. Huyo hakamatwi na uhakiki wa akaunti hata uwe mkali namna gani. Anakamatwa kwenye uhakiki wa mtu, sura yake ikilinganishwa na kitambulisho. Kwa hiyo utambulisho uthibitishwe kwanza, akaunti ifuate.

Sasa, kila njia ipimwe kwa swali moja: jibu limetoka kwa nani, na limepita mikono ya nani kabla ya kukufikia? Karatasi iliyotoka benki ikapitia kwa mwombaji ni maelezo ya mwombaji. Iliyotoka benki ikaja kwako moja kwa moja ni ushahidi wa benki.

Hundi iliyofutwa inaonyesha jina na namba kama vilivyokuwa siku kitabu kilipochapwa. Haisemi kama akaunti bado iko hai. Inafaa kuzuia makosa ya kunakili namba, haina kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Nakala ya kadi ya benki msiipokee kabisa. Namba ya kadi si namba ya akaunti, kadi ya nyongeza inaweza kutolewa kwa mtu asiye mmiliki, na mkihifadhi namba nzima za kadi mnajiingiza kwenye PCI DSS, masharti ya usalama wa data za kadi za malipo, bila kupata faida yoyote.

Barua ya benki ni nzuri ikiwa na jina kamili, namba kamili, tarehe ya kufunguliwa akaunti, hali yake (hai, imelala au imezuiwa) na namna inavyoendeshwa. Wekeni kikomo cha umri wake. Siku 30 zinatosha. Ikiletwa kwa mkono, afisa apige simu benki, na namba ya simu aitoe kwenye tovuti rasmi ya benki, asiitoe kwenye kichwa cha barua. Aliyeweza kughushi barua hawezi kushindwa kuweka humo simu ya rafiki yake.

Taarifa ya akaunti ni dhaifu kwa swali la kwanza lakini tajiri sana kwa la tatu. Iombwe kwa ajili ya mapato, isiombwe kama cheti cha umiliki.

---

Fundi_Mifumo amejibu:

Naongezea upande wa mifumo, kwa mpangilio ambao mwombaji anaupitia.

Hatua ya kwanza ni muundo wa namba, na hii kompyuta iifanye papo hapo mwombaji anapojaza fomu. Kwa akaunti za IBAN (muundo wa kimataifa wa namba za akaunti), alama 4 za mwanzo huhamishiwa mwishoni, kila herufi hugeuzwa namba (A ni 10, B ni 11, mpaka Z ambayo ni 35), kisha namba nzima hugawanywa kwa 97. Baki lazima iwe 1. Tarakimu moja ikikosewa, au mbili jirani zikibadilishana nafasi, hesabu inagoma. Benki zisizotumia IBAN nyingi zina urefu maalumu wa namba na baadhi zina tarakimu yao ya kukagulia. Kufaulu hapa kunamaanisha tu namba imeandikwa vizuri. Akaunti inaweza isiwepo kabisa.

Hatua ya pili ni ulinganishaji wa jina kupitia benki yenyewe, palipo na huduma hiyo. Uingereza ilianza nayo mwaka 2020, na kwa nchi zinazotumia euro watoa huduma za malipo walitakiwa kuwa nayo kuanzia 9 Oktoba 2025. Unatuma jina na namba, benki inayotunza akaunti inajibu moja kati ya manne: linalingana, linakaribiana, halilingani, au haikuwezekana kukagua. Hilo la nne ndilo linaloumiza watu. Mara nyingi mfumo wa mikopo huandikwa hivi: "kama si halilingani, pitisha". Basi kila benki isiyojibu inapita kama imethibitisha. "Haikuwezekana kukagua" iandikwe kama kutokuwepo kwa jibu, na ombi liende kwenye njia nyingine.

Hatua ya tatu ni kiasi cha majaribio. Unatuma viasi viwili vidogo, mwombaji anaingia kwenye akaunti yake, anasoma, anakurudishia tarakimu. Hii inathibitisha kwamba anaweza kuona miamala ya akaunti hiyo, basi. Mtoto mwenye simu ya mama yake anafaulu. Na namna unavyochagua viasi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukichagua kati ya senti 1 na 10, michanganyiko isiyojali mpangilio ni 55 tu. Mtu akipewa majaribio matatu ana nafasi zaidi ya asilimia 5 ya kubahatisha. Ukichagua kati ya senti 1 na 99, michanganyiko inakuwa 4,950 na majaribio matatu yanampa chini ya asilimia 0.1. Afadhali zaidi ni kuweka msimbo wa herufi na tarakimu kwenye maelezo ya muamala, kwa kuwa unaweza kutuma mara moja tu. Lakini jaribu kwanza kama benki zinazopokea huonyesha maelezo hayo kwa ukamilifu, baadhi huyakata.

Mambo manne ya kufunga kwenye hatua hii: majaribio yasizidi matatu, msimbo ufe baada ya muda (siku 5 za kazi zinatosha malipo yanapokwenda kwa mafungu), akaunti moja isitumiwe majaribio na waombaji wengi, na idadi ya majaribio kwa siku iwe na dari. Bila dari, watu hufungua maombi hewa kwa maelfu ili kukusanya hizo senti, na jumla yake huwa fedha ya kweli.

Njia ninayoipendelea ni kinyume cha hiyo: mwombaji ndiye akutumie kiasi kidogo kutoka akaunti yake, pamoja na namba ya kumbukumbu uliyompa, kisha unamrudishia. Hapo amethibitisha uwezo wa kutoa fedha, ambao ni mkubwa kuliko uwezo wa kutazama, na jina la mtumaji linakuja pamoja na malipo. Swali la kwanza na la pili yamejibiwa kwa muamala mmoja.

La mwisho ni kuunganishwa na benki kwa ridhaa ya mteja, ambapo mwombaji anahamishiwa kwenye ukurasa wa benki yake, anaingia huko, benki inakuletea data. Ni njia safi mno, kwa sharti kwamba nywila haipiti kwako hata sekunde moja. Huduma yoyote inayomtaka mwombaji aandike nywila ya benki kwenye fomu yenu, ikataeni. Na msidhani jina la mmiliki litakuja daima. Kuna benki zinazoleta salio na miamala bila jina. Ulizeni kabla ya kusaini mkataba na mtoa huduma.

---

Mkaguzi_wa_Ndani amejibu:

Fundi, nakubaliana na mengi ila kwenye malipo ya kinyume niweke tahadhari. Jina la mtumaji halitoki sehemu moja kwenye kila mfumo wa malipo. Kuna linalojazwa na benki kutoka kwenye daftari lake, na kuna sehemu ambayo mtumaji anaandika mwenyewe apendacho. Vyote viwili vinaweza kuonekana kwenye taarifa yako kama "jina la mtumaji". Ulizeni benki yenu kwa maandishi: jina hili limejazwa na nani? Jibu likiwa "mteja", malipo hayo yanathibitisha uendeshaji tu, na umiliki utafutiwe njia nyingine.

Pia akaunti inayolipa iwe ile ile iliyoandikwa kwenye fomu, tarakimu zote, si zile 4 za mwisho. Na anayeweka fedha taslimu kwenye kaunta au kwa wakala kwa jina la mwombaji hajathibitisha kitu. Yeyote anaweza kufanya hivyo.

---

Fundi_Mifumo amejibu:

Sahihi, Mkaguzi. Niliandika kana kwamba jina hutoka benki siku zote. Ongeza kwenye orodha ya maswali kwa benki.

---

BintiHesabu amejibu:

Nijibu la PDF, maana hapo ndipo afisa wa kawaida anaweza kufanya kazi kubwa bila kifaa chochote cha ajabu.

Anza na namna faili linavyoombwa. Liombwe faili lile lile lililotoka benki, kwa barua pepe au kupakuliwa, likiwa na nywila yake kama benki huweka nywila. Watu wengi, wakweli kabisa, hulifungua kisha kulichapisha upya kama PDF ili kuondoa nywila. Likifika hivyo limepoteza alama zote za asili, na huwezi tena kumtofautisha mkweli na mwongo. Picha ya skrini na karatasi iliyoskaniwa zina shida hiyo hiyo. Semeni hili kwenye fomu, kwa maneno mepesi, mtapunguza safari za mwombaji.

Kisha hesabu. Salio la mstari uliopita, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, lazima lipatikane salio la mstari huu. Mfano: 41,250 ongeza 18,000 toa 6,430 ni 52,820. Anayebadilisha 18,000 kuwa 48,000 analazimika kubadilisha kila salio linalofuata mpaka ukurasa wa mwisho, pamoja na jumla za chini, na wengi huchoka njiani. Msikague mistari mitatu ya juu. Hiyo ndiyo husahihishwa kwa makini. Nendeni kwenye mpito wa kurasa, ambapo salio la mwisho la ukurasa mmoja lazima liwe la kuanzia la unaofuata, na kwenye mipaka ya miezi. Mkiwa na lahajedwali, nakilini safu tatu na kanuni moja ya hesabu inakagua mistari 400 kwa dakika chache.

Hesabu ikifaulu, tazameni vile ambavyo mghushi hakufikiria. Riba na tozo zinazokokotolewa kwa asilimia: kama amana imeongezwa lakini riba ya mwezi imebaki ya salio dogo, hapo pana jambo. Mshahara unaoingia siku ambayo benki na mifumo ya malipo haikufanya kazi. Namba za kumbukumbu zinazoruka mfuatano au kujirudia. Akaunti inayopokea fedha nyingi miezi sita bila tozo hata moja ya uendeshaji, bila manunuzi madogo, bila bili: maisha ya mtu hayaonekani humo.

Halafu faili lenyewe. Fungua sehemu ya sifa za faili. Utaona programu iliyolitengeneza, tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa. Programu ya kuhariri picha au ya kuandikia barua ikionekana hapo, uliza. Tarehe ya kubadilishwa ikiwa wiki moja baada ya kuundwa, uliza pia. Chagua maandishi yote ya ukurasa, yanakili, yabandike kwenye daftari tupu la kompyuta. Mara nyingine tarakimu ya asili iko bado chini ya kiraka cheupe, nayo itatokea kwenye ulichobandika. Au safu moja ya tarakimu haitatokea kabisa kwa sababu imewekwa kama picha. Kuza ukurasa mpaka asilimia 400 uangalie kama tarakimu zote zina unene mmoja na zimekaa kwenye mstari mmoja upande wa kulia.

Kuna mbinu inayosambazwa ya kuhesabu alama ya mwisho wa faili, %%EOF, kwamba zikiwa mbili faili limehaririwa. Msiitumie kama hukumu. Ni kweli kila hifadhi ya nyongeza huongeza alama, lakini PDF zilizopangwa zifunguke haraka kwenye wavuti huwa nazo mbili tangu kuzaliwa, na benki inayoweka saini ya kidijitali inaweza kuongeza yake. Saini hiyo ya kidijitali, ikiwepo na kisomaji kikasema ni halali na ni ya benki, inafunga mjadala kuliko mbinu zote nilizotaja.

Kama mwombaji yuko mbele yako, kuna njia ya haraka zaidi: afungue programu ya benki au tovuti yake mwenyewe, wewe utazame. Usishike simu yake, usipige picha. Kwenye kompyuta mwambie apakie ukurasa upya mbele yako, kwa sababu maandishi ya ukurasa wa wavuti yanaweza kubadilishwa kwenye kivinjari kwa sekunde, na kuupakia upya kwa kawaida kunayarudisha ya kweli. Kisha muombe afungue muamala mmoja ambao wewe umeuchagua kwenye PDF.

---

Mwongozo_Mpya amejibu:

Nashukuru sana, hii ya kubandika maandishi naiweka kwenye mafunzo moja kwa moja. Bado nasubiri majina na kampuni. Kwenye majina, kuna pendekezo la kuweka alama ya ulinganifu ya kompyuta, juu ya asilimia 85 ipite. Mnaonaje?

---

Dawati_la_Uchunguzi amejibu:

Asilimia pekee itawapitisha ndugu na kuwakataa wenyewe.

Chukua kipimo cha Jaro-Winkler, ambacho hutumika sana kwenye majina. Kinampa alama za ziada anayelingana kwenye herufi za mwanzo, hadi herufi 4. Kama benki huandika jina la ukoo kwanza, kaka na dada wanaanza kufanana kabla hata hujafika kwenye jina lao binafsi. Wakati huo huo mtu mmoja, aliyeandikwa "Muhammad" kwenye kitambulisho na "Mohamed" benki, au aliyeandikiwa herufi ya kwanza tu ya jina la kati, anaweza kushuka chini ya kizingiti.

Ninapendekeza jina livunjwe vipande, kila kipande kilinganishwe peke yake bila kujali mpangilio, baada ya kuondoa vyeo, nukta na viungo. Kisha tofauti ziwekwe kwenye makundi.

Zinazopita kwa maelezo mafupi: mpangilio tofauti, jina la kati kuachwa au kufupishwa, jina kukatwa mwishoni kwa sababu uwanja wa benki ni mfupi, tahajia mbili za jina moja.

Zinazohitaji hati: jina la ukoo lililobadilika kwa ndoa, talaka au kiapo. Hapo iletwe hati ya mabadiliko, na hilo ni jambo la siku moja.

Zisizopita: jina binafsi tofauti hata kama la ukoo ni moja, au jina linalolingana lakini tarehe ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho aliyonayo benki ni nyingine. Baba na mwana wenye majina yale yale matatu wapo wengi. Ndiyo maana benki ikiweza kuthibitisha namba ya kitambulisho au tarehe ya kuzaliwa, chukueni hiyo kuliko jina. Benki nyingi hazitoi tarehe, lakini baadhi hukubali kujibu ndiyo au hapana ukiipelekea wewe.

Akaunti za simu zina jambo lake. Jina linaloonekana kabla ya kutuma fedha ni la aliyesajili laini, na laini nyingi zinatumiwa na mtu asiyezisajili. Ikiwa mkopo utalipwa huko, jina la usajili ndilo lilinganishwe, na mwombaji apokee namba ya siri ya mara moja kwenye laini hiyo hiyo akiwa mbele ya afisa.

Kitu kingine ambacho hakijatajwa na hakigharimu chochote: tafuteni namba ya akaunti kwenye kanzidata yenu wenyewe. Akaunti moja ikionekana kwenye maombi ya watu watatu wasio na uhusiano, hata kama kila mmoja alipita kwa nyaraka nzuri, hapo pana mtu mmoja anayekusanya mikopo. Tafuteni pia kwa simu, barua pepe na anwani. Mume na mke kutumia akaunti moja si kosa, kwa hiyo matokeo yaende kwa binadamu, yasikatae ombi yenyewe.

Dalili za akaunti ya kukodi, yaani ya mtu aliyemwachia mwingine aitumie: imefunguliwa wiki chache kabla ya ombi, fedha zinaingia na kutoka siku hiyo hiyo zikibakiza karibu sifuri, watumaji wengi wasiofanana, na hakuna mshahara wala bili. Tarehe ya kufunguliwa ndiyo ya kuuliza kwanza. Akaunti mpya peke yake si hatia, kwa sababu kuna aliyebadilisha kazi na mwajiri akamtaka afungue benki fulani. Muombe taarifa ya akaunti ya zamani inayoonyesha mshahara ulikoma huko mwezi ule ule ulipoanza huku.

---

Wakili_wa_Amana amejibu:

Akaunti ya pamoja: ulizeni kama inaendeshwa na yeyote kati yao au wote kwa pamoja. Ikiwa ni wote kwa pamoja, agizo la makato lililosainiwa na mwombaji peke yake benki italikataa, na mtaligundua siku ya rejesho la kwanza. Kwenye mapato, hesabuni tu yale yanayoonekana kuwa yake: mshahara wenye jina lake na mwajiri wake. Kugawanya kila kinachoingia kwa mbili ni kubahatisha. Mwenzake asiposaini mkopo, mapato yake yabaki nje, ila gharama za nyumba zinazotoka kwenye akaunti zihesabiwe zote mpaka ionyeshwe nani anazilipa.

Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Mkurugenzi kuwa mtia saini wa akaunti hakuzifanyi fedha za kampuni kuwa zake. Akiomba mkopo binafsi, mapato yake ni mshahara na gawio vilivyoingia kwenye akaunti yake binafsi, si mauzo ya kampuni. Kampuni ikiomba, mnahitaji cheti cha usajili, orodha ya wakurugenzi na wanahisa iliyochukuliwa na ninyi kwenye daftari la msajili, orodha ya watia saini kutoka benki, na azimio la bodi linalotaja kiasi cha mkopo na akaunti itakayopokea. Wamiliki halisi watafutwe mpaka kwa binadamu. Kizingiti kinachotumika sana ni umiliki wa asilimia 25, lakini anayetoa amri bila hisa naye ni mmiliki halisi.

Mfanyabiashara binafsi mwenye jina la biashara yuko katikati. Biashara na mtu ni kitu kimoja, lakini akaunti ina jina la duka. Ulinganishaji wa jina utasema halilingani, na mwombaji hana kosa. Cheti cha usajili wa jina la biashara ndicho kinachounganisha viwili hivyo.

Kuhusu ridhaa: iwe karatasi yake, itaje benki gani, taarifa gani, kwa kusudi gani na mpaka lini. Ridhaa iliyofichwa kwenye aya ya kumi na saba ya masharti ya mkopo ni dhaifu, na benki ina haki ya kuikataa. Mkishapata jibu, hifadhini matokeo, njia, tarehe na afisa aliyekagua. Kwenye skrini za kazi namba ionekane tarakimu 4 za mwisho tu. Miamala ya mwombaji aliyekataliwa isikae kwenye barua pepe za maafisa. Ifutwe muda wa kisheria wa kuitunza ukiisha.

Na mtu asiyethibitika si mwongo. Barua ya kukataa isitumie neno "udanganyifu" kwa sababu tu benki haikujibu. Mpeni njia ya pili, kwa maandishi, pamoja na muda.

---

Mwongozo_Mpya amejibu:

Wakuu, mmenisaidia mno. Nimepanga hivi: utambulisho na ridhaa, muundo wa namba, utafutaji kwenye kanzidata yetu, jina kupitia benki, malipo ya kinyume pale jina lisipojibiwa, kisha ndipo taarifa ya akaunti isomwe kwa ajili ya mapato. Barua ya benki ibaki kwa kampuni na kwa waliokwama. Nimekosea wapi?

---

BintiHesabu amejibu:

Mpangilio mzuri. Kwenye kusoma mapato, usijumlishe kila kinachoingia. Ondoa kwanza uhamisho kutoka akaunti zake nyingine, miamala iliyorudishwa, na mikopo kutoka kwa wakopeshaji wengine. Angalia pia fedha zinazozunguka: 30,000 inatoka Jumatatu kwenda kwa mtu fulani, 30,000 inarudi Jumatano kutoka kwa mtu huyo huyo, mara nne kwa mwezi. Mauzo yanaonekana 120,000 zaidi, na hakuna kilichouzwa.

---

Dawati_la_Uchunguzi amejibu:

Umekosa mwisho wake. Uhakiki urudiwe saa chache kabla ya kutoa fedha, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa au kuzuiwa katikati.

Na badiliko lolote la akaunti baada ya kuidhinishwa lianze upya tangu hatua ya ridhaa. Ombi la kubadilisha likija kwa barua pepe, huenda aliyeandika si mwombaji; sanduku lake limeingiliwa. Afisa apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili siku ombi lilipofunguliwa, si namba iliyo kwenye barua pepe hiyo. Kama namba ya simu nayo imebadilishwa ndani ya wiki hiyo, mwombaji afike mwenyewe na kitambulisho. Wekeni subira ya saa 24 kabla ya kulipa akaunti mpya, na anayebadilisha kwenye mfumo asiwe yule anayeidhinisha malipo.

Hali moja hupita kwa urahisi sana: malipo yamerudi kwa sababu akaunti imefungwa, mwombaji anapiga simu ana haraka, afisa anamhurumia, anaandika namba mpya kwa mdomo na kutuma tena dakika hiyo. Kwenye mwongozo wako andika waziwazi kwamba malipo yaliyorudi ni badiliko la akaunti kama mengine yote, na mfumo ulifunge ombi mpaka hatua zirudiwe.